Mzio wa Chakula: Namna ya Kupata Mlo Salama Kariakoo na Katikati ya Jiji

Mtu mwenye mzio wa karanga anaponunua biskuti dukani, huweza kugeuza paketi na kusoma orodha ya viambato. Anapoketi kwenye benchi la mama lishe katika Mtaa wa Mchikichi au Narung'ombe, hakuna paketi ya kugeuza. Sufuria imefunikwa, mboga imekwishaungwa, na lebo pekee iliyopo ni jibu la aliyepika. Sehemu hii ya kijitabu inaeleza namna ya kulipata jibu hilo likiwa kamili, vyakula vinavyohitaji tahadhari katika Kariakoo na mitaa jirani, na hatua za kuchukua endapo madhara yatatokea.

Jambo moja tunalisisitiza tangu mwanzo. Karanga inayoonekana ndani ya kashata humtahadharisha mwenye mzio yeye mwenyewe. Isiyoonekana ndiyo inayomdhuru: iliyopita kwenye mashine ya kusagia, iliyobaki kwenye mafuta ya kukaangia, iliyoshikana na upawa. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama chakula kina karanga. Inafaa kuuliza chakula hicho kimepita wapi kabla ya kufika kwenye sahani.

Mzio ni nini, na kipi si mzio

Mzio wa chakula hutokea pale mfumo wa kinga wa mwili unapoichukulia protini ya chakula cha kawaida kuwa adui. Mwili humwaga kemikali, mojawapo ikiwa histamini, na kwa kawaida dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Mtu huwashwa mdomoni, hutokwa na mabaka yaliyovimba kwenye ngozi, huvimba midomo au macho, hutapika au hukohoa. Dalili zikigusa pumzi au msukumo wa damu, hiyo ni dharura iitwayo anafilaksia, nayo inaweza kuua. Kwa baadhi ya watu kiasi kidogo sana cha chakula kinatosha kuleta hali hiyo, na kunusurika na madhara mepesi mara iliyopita hakumhakikishii mtu kwamba mara ijayo itakuwa hivyo hivyo.

Si kila chakula "kinachomkataa" mtu kinamletea mzio. Anayejaa gesi na kuharisha baada ya kunywa maziwa, mara nyingi mwili wake unashindwa kumeng'enya sukari ya maziwa; hali hiyo inasumbua lakini haizibi koo. Vilevile, jodari au vibua waliokaa bila barafu baada ya kuvuliwa hujenga histamini ndani ya nyama yao. Atakayewala huweza kuiva uso, kuwashwa na kuumwa kichwa mfano wa mtu mwenye mzio, na kuwapika samaki hao hakuiondoi histamini hiyo. Mtu huyo huenda akaendelea kula samaki waliohifadhiwa vizuri bila shida yoyote. Kwa upande mwingine, wapo wenye mzio wa kweli wa kamba au mayai ambao kwa miaka mingi wameambiwa wana "tumbo bovu".

Kutofautisha hali hizi ni kazi ya daktari. Tunawaasa wazazi wasimwondolee mtoto maziwa, mayai au samaki kwa kukisia tu, kwa sababu mtoto hupoteza lishe anayoihitaji huku kisababishi halisi kikibaki mezani. Andikeni kile alichokula, saa aliyokula na saa dalili zilipoanza, kisha mpelekeeni daktari maandishi hayo.

Kwa nini "sili" halitoshi

Katika Kiswahili cha kila siku neno "sili" lina maana nyingi. Yupo asiyekula kitu kwa imani yake, yupo mwenye mwiko wa ukoo, na yupo asiyekipenda tu. Mama lishe anayesikia "mimi sili karanga" hutenda kwa wema kulingana na maana hizo: huchota mchicha upande usio na karanga nyingi, au huutoa mchuzi wa karanga uliokwisha kumwagwa juu ya wali na kuweka maharage mahali pake. Kwa mtu asiyependa karanga, huduma hiyo inatosha. Kwa mwenye mzio, ni hatari.

Tunashauri maneno yanayotaja madhara waziwazi, na salamu itangulie kama ilivyo desturi: "Shikamoo mama. Samahani, nina aleji ya karanga. Nikila hata kidogo, hata kama ni kijiko tu kimegusa, koo linaziba na naweza kufa. Naomba unisaidie kujua nile nini hapa." Tumeandika "aleji" kwa makusudi. Neno "mzio" ni sahihi, lakini kwenye vibanda vingi "aleji" ndilo linaloeleweka haraka zaidi.

Saa ya kuuliza nayo ina uzito. Saa saba mchana wapiga debe, wachuuzi na wenye maduka wote wamefika, na mpishi hana nafasi ya kukumbuka alichotia kwenye kila sufuria. Afikaye kabla ya saa sita humkuta mpishi ana utulivu, na pengine mboga bado haijaungwa. Anayekula sehemu moja kila siku ana nafuu zaidi, kwa kuwa mpishi aliyezoea sura yake huweza kumtengea chakula chake mapema.

Mahali kisababishi kinapojificha

Mashine ya kusaga na unga wa lishe. Mahindi, mtama, ulezi, mchele na muhogo havina gluteni ya ngano, na havina karanga wala soya. Hata hivyo, mashine inayosaga mahindi mara nyingi ndiyo inayosaga unga wa lishe, na unga wa lishe kwa kawaida huchanganywa karanga na soya, wakati mwingine ngano, na kwa baadhi ya watengenezaji hata dagaa. Mabaki ya mzigo wa kwanza hutoka pamoja na mzigo wa pili. Mwenye mzio mkali asinunue unga wa kupima bila kujua ulikosagwa. Ni salama zaidi kununua nafaka, kuichambua na kuisaga kwa kinu au mashine ndogo ya nyumbani. Mzazi wa mtoto mwenye mzio asikubali uji wa lishe wa shuleni au wa jirani kwa sababu tu unaitwa wa lishe.

Kaango la mafuta. Bagia za dengu au kunde, sambusa zenye ngozi ya ngano, mandazi na vipande vya samaki huweza kupita kwenye karai moja tangu asubuhi. Muhogo wa kukaanga uliotoka kwenye karai hilo umebeba ngano na samaki ingawa hauna kimojawapo ndani yake. Kwenye kibanda cha chipsi, kikaango cha chipsi mayai kinachofutwa kwa kitambaa tu bado kina yai. Aidha, mafuta ya kupima hayana lebo. Mafuta ya karanga yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani hubaki na protini inayoleta mzio.

Mboga za kuunga. Mchicha, kisamvu na matembele mara nyingi huungwa kwa karanga za kusaga, na karanga zikishaiva na kuchanganyika na nazi, jicho haliwezi kuzitambua. Viungo vya paketi vya kuongeza ladha navyo huweza kuwa na ngano, soya au maziwa.

Kahawa, kashata na juisi. Muuza kahawa hutoa kashata kwa mkono uleule unaoshika kikombe, na kashata za nazi na za karanga hukaa kwenye sinia moja. Jagi la blenda lililosaga juisi ya parachichi na maziwa, au karanga na tende, likisuuzwa tu kwa maji bado lina mabaki ya vitu hivyo.

Nyama na samaki wa kuchoma. Wavu wa mkaa uliochoma pweza, ngisi au kamba unapowekewa mishkaki, mishkaki hushika mabaki yake. Mvuke wa kamba wanaochemka unaweza kumletea dalili mwenye mzio mkali hata kama hakula, kwa hiyo mtu huyo akae mbali na majiko yao, iwe katika mgahawa au katika Soko la Samaki la Feri.

Migahawa ya Kisutu, Upanga na Mtaa wa Jamhuri. Chakula cha Kihindi kisicho na nyama humfaa mwenye mzio wa samaki au kamba, lakini mwenye mzio wa maziwa au korosho anapaswa kuwa mwangalifu. Samli na mtindi hutumika sana, na mchuzi mzito mara nyingi huzidishwa uzito kwa korosho zilizosagwa. Vitamu vya dukani navyo huweza kuwa na maziwa, korosho, lozi na pistachio, na huwekwa pamoja kwenye kabati moja la kioo.

Mikate. Ufuta, zao linalolimwa kwa wingi Lindi na Mtwara, huonekana juu ya mkate, lakini huweza pia kuwa ndani ya donge lenyewe. Uliza yote mawili.

Maswali matano ya kumuuliza mpishi

Swali linalotaka jibu la "ndiyo" au "hapana" humfanya mtu mwenye adabu atoe jibu litakalomfurahisha mteja. "Haina karanga, eti?" hujibiwa "haina" kwa urahisi mno. Uliza hivi:

1. Mboga hii umeiunga kwa nini?
2. Mafuta haya yamekaanga nini kingine leo?
3. Upawa huu unaingia kwenye sufuria ngapi?
4. Unga na viungo umenunua vya kupima au vya paketi? Paketi bado ipo?
5. Nani amepika? Naomba niongee naye.

Swali la mwisho ni la muhimu sana katika migahawa, ambako mhudumu hajui kilichotiwa jikoni na huogopa kusema hajui. Mpishi akijibu "sijui", mshukuru na uchague chakula kingine. Jibu hilo ni la kweli, na huenda limekuokoa. Jibu la kutilia shaka ni lile la haraka, litolewalo na mtu ambaye hajageuka hata kuitazama sufuria.

Endapo hakuna jibu la kuaminika, kula kitu kimoja kisichochanganywa na chenye ganda lake. Ndizi mbivu unayoimenya mwenyewe, dafu linalokatwa mbele yako, yai la kuchemsha kwa asiye na mzio wa mayai, hindi au muhogo uliochomwa juu ya mkaa bila kupakwa kitu: vyakula hivi vipo karibu kila kona ya Kariakoo. Chungwa lililokwisha kumenywa hubeba kile kilichokuwa kwenye kisu. Kubeba chakula kutoka nyumbani nako si aibu, na mwenye mzio mkali asione haya kufungua kontena lake mezani pamoja na wenzake.

Vyakula vya paketi

Tume ya Codex, iliyoundwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa pamoja na Shirika la Afya Duniani, ina kiwango cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, CXS 1-1985, kinachotaka visababishi vikuu vya mzio vitajwe daima. Miongoni mwake ni nafaka zenye gluteni, kamba na jamii yao, mayai, samaki, karanga, maziwa, na jamii ya korosho na lozi. Katika eneo letu, lebo za vyakula vilivyofungashwa zina kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 38. Mlaji ana haki ya kuiona orodha ya viambato, na mfuko usio nayo haumfai mwenye mzio.

Zingatia mambo manne. Kwanza, alama ya ubora ya TBS huonesha kwamba bidhaa imekidhi kiwango chake. Haimaanishi kwamba bidhaa haina karanga au maziwa. Siagi ya karanga yenye alama hiyo ni bora, na bado ni karanga. Pili, bidhaa nyingi za Kariakoo hutoka China, Uturuki, India na nchi za Ghuba, na baadhi zina maandishi ya lugha ambazo mnunuzi hazisomi. Usichoweza kukisoma, usikinunue. Tatu, kwenye lebo za Kiingereza karanga huandikwa "peanut" au "groundnut", ufuta huandikwa "sesame", na "whey" na "casein" zote ni protini za maziwa. Maneno "may contain" ni onyo kwamba kiwanda kinatumia mitambo hiyohiyo kwa bidhaa nyingine. Yachukulie kwa uzito. Nne, bidhaa iliyofunguliwa na kufungashwa upya katika vifuko vidogo imepoteza lebo yake, na kijiko kilichoichota huenda kimetoka kwenye gunia jingine.

Nchi zilizotangulia kuweka sheria kali zilijifunza kwa gharama kubwa. Uingereza, tangu Oktoba 2021, chakula kinachofungashwa mahali kinapouzwa lazima kiwe na orodha kamili ya viambato. Sheria hiyo huitwa Sheria ya Natasha, kwa jina la msichana Natasha Ednan-Laperouse, aliyefariki mwaka 2016 baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ndani ya donge, bila lebo yake kuutaja. Alikuwa amesoma kilichoandikwa. Kilichomuua hakikuandikwa.

Kwa mama lishe, baba lishe na wenye migahawa

Wapishi wengi wa Kariakoo tayari wanalielewa jambo hili kwa njia nyingine. Mpishi wa chakula halali hakubali upawa uliotoka kwenye sufuria ya nguruwe uingie kwenye sufuria yake, hata kama nyama haionekani. Anajua kwamba kugusana kunatosha. Mzio unadai nidhamu hiyohiyo, na hauhitaji jiko la gharama kubwa.

Chemsha mboga, tenga fungu moja lisilo na karanga kwanza, ndipo uunge lililobaki. Kila sufuria iwe na upawa wake. Osha kikaango, kisu na ubao kwa sabuni na maji safi, kwani kitambaa huhamisha mabaki badala ya kuyaondoa. Hifadhi paketi za viungo hadi chakula cha siku hiyo kiishe. Kuokota karanga na kuzitoa kwenye sahani hakukifanyi chakula kuwa salama. Andaa sahani nyingine kutoka kwenye sufuria nyingine. Ukiwa huna uhakika, sema. Mteja aliyeambiwa ukweli hurudi, na huja na wenzake.

Madhara yakitokea

Akivimba midomo au ulimi, akikwama sauti, akikohoa mfululizo, akipumua kwa shida, akilegea au akizimia baada ya kula, mgonjwa huyo anahitaji adrenalini haraka, sindano inayochomwa kwenye msuli wa paja. Aliyepewa na daktari wake kalamu ya adrenalini aitumie mara moja bila kusubiri hali izidi. Wengi hawana kalamu hiyo, nayo haipatikani kwa urahisi, kwa hiyo kila dakika ya kufika hospitali ina thamani. Dawa za mzio za vidonge hutuliza mwasho; hazifungui koo wala hazipandishi msukumo wa damu ulioshuka.

Mlazeni na kuinua miguu yake. Akishindwa kupumua vizuri, aketi, lakini asisimamishwe ghafla wala kutembezwa. Msimpe maziwa kwa kudhani yanaua sumu, wala msimtapishe. Msimpandishe bodaboda, kwa sababu anaweza kuzimia na kuanguka. Tumieni bajaji, teksi au gari lolote lililo karibu. Kutoka Kariakoo, Hospitali ya Mnazi Mmoja, Hospitali ya Taifa Muhimbili na Hospitali ya Amana ziko karibu. Chagueni ile ambayo njia yake haina foleni saa hiyo. Mfikapo, semeni kwanza: "Amekula chakula chenye aleji, anashindwa kupumua." Mgonjwa akipata nafuu asiondoke hadi daktari aruhusu, kwa kuwa dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Mwenye mzio aandike kwenye karatasi ndogo jina lake, chakula kinachomdhuru, dawa anazotumia na simu ya ndugu, kisha aiweke pamoja na kitambulisho chake. Mfanyakazi mwenzake wa karibu ajue karatasi hiyo ilipo.

Pa kutoa taarifa

Tangu mwaka 2019, majukumu ya udhibiti wa chakula yaliyokuwa chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) yalihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Taarifa za chakula kilichofungashwa ambacho lebo yake haitaji viambato, au inataja kinyume na kilichomo, zipelekwe TBS. Taarifa za vibanda na migahawa ya Kariakoo na katikati ya jiji zipelekwe kwa maafisa afya wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, kupitia ofisi ya kata.

Usitupe chakula kilichobaki wala paketi yake. Kiweke kwenye mfuko safi, kihifadhi kwenye baridi, na andika mahali na saa uliponunua, namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa. Kama kuna risiti, ihifadhi. Kama hakuna, picha ya simu inasaidia. Taarifa yenye vitu hivi huwezesha mkaguzi kuifuatilia bidhaa hadi ilikotoka kabla mlaji mwingine mwenye mzio hajainunua.